Ripoti ya Mtoto na Siku za Likizo

(Hotuba hii ilitolewa na mfasiri mmoja wa serikali mbele ya wazazi wa shule ya msingi ya Kikatoliki, siku ya kufunga muhula wa tatu. Twaichapa kwa faida ya wazazi wote, wa shamba na wa mjini, ambao watoto wao wamo nyumbani kwa likizo.)



Nilipopata barua ya mwaliko nilimwuliza Bwana Mwalimu Mkuu, "Nizungumze juu ya nini?" Naye akanijibu, "Wewe kazi yako ni kufasiri. Basi wafasirie wazazi ripoti za watoto wao, maana kila mwisho wa muhula watu huniuliza maswali yale yale." Jibu hilo lilinipendeza, na ndilo nitakalolifuata.

Habari za muhula mmekwisha kuzisikia. Watoto wa Gredi ya 6 na wa Gredi ya 9 hawajamaliza. Wanayo mitihani yao ya taifa, na tunaombwa kuwakumbuka katika sala zetu. Wale wanaojitayarisha kwa Komunyo ya Kwanza wataendelea na mafundisho kwa katekista kila Jumamosi. Tena kabati la vitabu limefunguliwa, na kila mtoto ataruhusiwa kuazima kitabu kimoja, kukipeleka nyumbani, na kukirudisha kikiwa safi siku ya kufungua shule mwezi wa Januari. Nawasihi mlikumbuke hilo la kabati, maana nitalirudia.

Sasa tuitazame ripoti yenyewe. Wengi wetu tulisoma siku zile ambapo ripoti ilikuwa na nambari mbili tu zenye maana kwa mzazi: jumla ya alama, na nafasi ya mtoto darasani. Mwisho wa safari ulikuwa ni mtihani wa darasa la nane, ule wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa hiyo tulizoea kuuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Tangu mwaka 2019, Mtaala wa Umilisi ulipoanza katika Gredi za kwanza nchini kote, mambo yamebadilika. Mzazi afungua karatasi, atafuta nafasi, haioni, naye adhani kwamba shule imemficha jambo.

Hakuna kilichofichwa. Mwalimu hamlinganishi tena mtoto wako na mtoto wa jirani, bali amlinganisha na kazi aliyotakiwa kuiweza. Viko vipimo vinne. Cha kwanza ni kuzidisha matarajio: mtoto ameweza kazi yake, na zaidi. Cha pili ni kufikia matarajio: ameweza kama ilivyotakiwa. Cha tatu ni kukaribia matarajio: yumo njiani, lakini bado anahitaji kushikwa mkono. Cha nne ni mbali na matarajio: kazi hiyo bado imemshinda, naye anahitaji msaada mkubwa na wa haraka.

Nawaombeni msikitafsiri kipimo cha tatu kuwa ni "ameanguka". Mtu aliyetoka nyumbani alfajiri kwenda sokoni, na saa mbili amefika mtoni, hatusemi ameshindwa kufika sokoni. Twasema amefika mtoni. Lakini pia si vema kumwambia mtoto, "Haidhuru," tukaiweka karatasi juu ya kabati. Aliyefika mtoni akikaa chini hapo miezi miwili, soko litafungwa.

Basi, mzazi aisomeje ripoti? Aketi na mtoto wake, si usiku watu wakiwa na usingizi, wala si mbele ya wageni. Amwulize mambo matatu. Kwanza: ni somo gani lililokufurahisha muhula huu, na kwa nini? Pili: ni somo gani lililokupa taabu, na taabu ilianza wapi? Tatu: mwalimu ameandika nini hapa chini? Maneno yale machache ya mwalimu chini ya karatasi yana faida kuliko vipimo vyote vinne. Mwalimu mwenye watoto wengi amechukua kalamu akamwandikia mzazi neno juu ya mtoto mmoja. Hiyo ni barua, na barua hudai majibu.

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni. Niliyajua nikiwa darasa la nne, nami nitawasimulieni, ingawa habari yenyewe hainiletei sifa.

Marehemu baba yangu alikuwa mchungaji wa ng'ombe katika shamba la watu. Hakujua kusoma. Ripoti yetu iliandikwa kwa Kiingereza, nami mwisho wa muhula ule nilikuwa wa 31 katika watoto 46. Nilifika nyumbani, baba akavua kofia, akakaa juu ya kigoda, akaniambia, "Haya, nisomee." Nikamsomea. Lakini nilipofika kwenye ile 31, nilisoma 3 nikaiacha 1. Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya kwanza maishani, nayo ilikuwa ya uongo.

Baba hakusema neno. Alitoka nje, akamkamata jogoo, tukala wali na kuku siku ambayo haikuwa sikukuu. Mama alinipa paja. Nawaambieni kweli, sikumbuki ladha yake.

Jumapili, baada ya Misa, baba akaitoa ile ripoti katika mfuko wa koti, akampa katekista aione, apate naye kufurahi. Katekista akaisoma yote kwa sauti, kama alivyozoea kusoma matangazo ya kanisani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mti, nikamwona baba akiikunja karatasi polepole, akairudisha mfukoni.

Nilingoja fimbo mchana kutwa. Jioni baba aliniita, akasema, "Kuku ameliwa, hawezi kurudi bandani. Lakini deni liko. Utalilipa kwa kunisomea kila jioni mpaka shule ifunguliwe." Nikamwuliza nisome nini, maana vitabu nyumbani havikuwapo. Akakitoa kitabu cha sala cha mama.

Hapo ndipo nilipoona akili ya mtu asiyejua kusoma. Baba alizijua sala zile zote kwa moyo. Nikiruka neno, asema, "Rudi, umeruka." Nikikisia, asema, "Hapana, sivyo ilivyo." Sikuweza kumdanganya tena, maana sasa tulisoma maneno aliyokuwa nayo kichwani. Tulipokimaliza kitabu cha sala, aliazima kitabu cha hadithi kwa katekista, nami kwa kuwa nilikwisha zoea kutazama kila neno, nilisoma kweli. Muhula uliofuata nilikuwa wa 19. Hakuchinjwa kuku. Baba aliniambia tu, "Nisomee tena," nami nikamsomea mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa 19.

Leo nala mkate wangu kwa kazi ya kufasiri. Nilifundishwa kazi hiyo na walimu wengi wema, lakini uaminifu wake nilifundishwa na mtu asiyejua hata herufi ya jina lake. Nimewaeleza haya kwa ajili ya mzazi yeyote aliyeketi hapa akifikiri moyoni, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto wangu?" Utamsaidia kwa kuketi naye. Kusikiliza ni kazi, nayo haihitaji cheti.

Basi sasa niseme juu ya likizo yenyewe, kwa mambo manne.

La kwanza ni kusoma. Nililitaja kabati la vitabu. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti jioni, robo saa tu kila siku, kitafanya kazi kubwa kuliko fedha nyingi. Nasema fedha kwa sababu wako wazazi ambao, wakiiona ripoti mbaya, humtafuta mara moja mtu wa kumfundisha mtoto darasani likizo nzima kwa malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyakataza mafunzo ya namna hiyo wakati wa likizo, na ni haki kuyakataza. Mtoto si gunia la kushindiliwa. Aliyesoma majuma mengi anahitaji kupumzika, kama shamba linavyohitaji kulazwa. Lakini kupumzika si kusahau, na robo saa ya jioni haimchoshi mtu.

Tena kusoma hakuna umri. Mwaka 2004, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2003, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wenzake. Alitaka ajisomee Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya watoto wote, na mwaka 2009 akabatizwa katika Kanisa Katoliki, akafariki mwaka ule ule. Kama mzee yule aliweza kukaa juu ya benchi la watoto, sisi wenye miaka 30 na 40 tutashindwaje kukaa na mtoto wetu kando ya taa?

La pili ni kazi za mikono. Wako wanaonung'unika kwamba mtaala huu wa sasa unawatuma watoto kupanda mboga, kushona na kupika, wakati wao walitaka elimu ya vitabu. Lakini jambo hili si geni katika shule zetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kusoma na kuandika, na pamoja na hayo ukulima na useremala. Misioni ya Mtakatifu Austin ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1899, mapadre walipanda kahawa huko. Jembe na kitabu vimekaa nyumba moja tangu mwanzo.

Kwa hiyo mtoto afanye kazi nyumbani, na afundishwe sababu ya kila kazi. Ninyi wa shamba, mvua za vuli zikinyesha, mpeni mtoto mstari wake mmoja wa maharagwe. Apime nafasi kati ya shimo na shimo, aandike siku aliyopanda na siku mbegu ilipochipua. Hiyo ni hesabu na ni sayansi. Ninyi wa mjini mnaofanya biashara ya kibandani, mwachieni mtoto ahesabu chenji mbele yenu, aandike mauzo ya siku katika daftari. Na wavulana wafundishwe kuosha vyombo na kupika ugali sawasawa na dada zao, maana njaa haiulizi kama mtu ni mume au mke.

Lakini tutofautishe kazi na mzigo. Kazi ya nyumbani humfunza mtoto na kumwachia saa za kucheza na kulala. Kumpeleka mtoto machimboni kuponda mawe, au kumwajiri kwa watu wasiojulikana ili alete fedha za Noeli, huko ni kumdhuru, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamlinda na hayo.

La tatu ni kujua mtoto wako yuko wapi. Mtoto shuleni ana kengele, nyumbani hana. Siku hizi mito na mabwawa hujaa, na mtoto asiyejua kuogelea huvutwa na maji kwa dakika chache. Mjini iko hatari ya barabara, na iko simu, ambayo humpeleka mtoto mbali huku amekaa palepale karibu nawe. Simu iwekwe mahali pa wazi, wakati wa kuitumia ujulikane, na usiku ilale kwa mzazi.

Sitaki kuondoka bila kusema jambo moja zito. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo ambayo katika sehemu kadha wa kadha hutumiwa kuwakeketa wasichana kwa siri. Sheria ya mwaka 2011 imelikataza tendo hilo kabisa, na Kanisa halilikubali. Tena wako wasichana waliofunga shule wakiwa watoto, wakaifungua shule wakiwa wamepotezwa na watu wazima waliowaamini. Msichana akikuambia kwamba anaogopa kwenda kwa mtu fulani, usimgombeze. Mwulize sababu, umsikilize mpaka mwisho, na mpeleke habari kwa chifu, kwa polisi, au kwa Masista. Na wavulana watakaotahiriwa Desemba, wazee wawaambie wazi kwamba mwanamume ni yule amsaidiaye mama yake, wala si yule anayeanza kumjibu kwa ukali.

La nne ni Januari. Naona wengine mnacheka, maana jina la mwezi huo lajulikana kwa ukata. Noeli ni sikukuu kubwa, na yafaa ifurahiwe. Lakini kabla yake Kanisa limetupa majuma ya Majilio, ambayo ni siku za kungoja na kujitayarisha. Tujitayarishe na kwa mambo ya shule pia. Kila juma, kabla nyama haijanunuliwa, itengwe fedha kidogo ya sare, ya viatu, ya madaftari na ya chakula cha mchana. Ninyi wenye watoto wanaotoka Gredi ya 9 kwenda shule za sekondari pevu mna kazi kubwa zaidi, na haifai kuianza siku ya mwaka mpya. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa nini nasisitiza Januari? Kwa sababu tumekwisha kuona matokeo ya watoto kukaa nyumbani bila mpango. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi mpaka Januari mwaka 2021. Kengele ilipolia, wako ambao hawakuja. Wavulana wengine walikwisha onja fedha za kubeba mizigo na kuendesha bodaboda, wasichana wengine walikuwa wameshika mimba. Walimu waliokuwapo wajua uchungu wa kuita jina katika daftari na kusikia kimya. Wazazi wa watoto wale hawakuwa wabaya kuliko sisi. Siku zilipita moja moja, na kila moja ilionekana ndogo.

Likizo hii ni fupi sana kuliko ile, lakini inatosha kumpoteza mtoto, na inatosha kumpata. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja. Mmepewa barua leo na walimu. Mwezi wa Januari mtawajibu, si kwa karatasi, bali kwa mtoto mwenyewe atakavyosimama mlangoni pa darasa: amekua, amepumzika, hakusahau kusoma, na hana jambo analoogopa kulisema.

Nanyi watoto, neno langu kwenu ni fupi. Someni ripoti zenu kama zilivyoandikwa. Msiongeze wala msipunguze. Kama kuna jambo baya ndani yake, lisemeni wenyewe kabla katekista hajalisema. Baba na mama watakasirika kidogo, kisha watawasaidia. Salini asubuhi na jioni, mwezi huu wa Novemba mwakumbuke marehemu wa nyumba zenu, chezeni sana, na kitabu cha kabatini msikiloweshe mvua.

Bwana Mwalimu Mkuu, nadhani nimefasiri kama ulivyoniagiza, na safari hii sikuiacha nambari yoyote. Nawatakia nyote likizo njema na Noeli yenye heri. Mungu awabariki, na atukutanishe sote Januari, bila hata mmoja kupungua.